Kitandara Hakuna Njia ya Kushukia

Jioni tulipofika Nyakalengija, kijiji kilicho chini ya milima ya Ruwenzori nchini Uganda, kiongozi wetu alitandika turubai uani, kando ya mikeka ya kahawa iliyokuwa inaanuliwa, akatuambia tumwage mizigo yote hapo. Alipitia kitu kimoja kimoja. Buti zangu za ngozi, zile zilizonifikisha kileleni Kilimanjaro, aliziweka pembeni bila kusema neno. Halafu akaomba karatasi yetu ya safari. Nilikuwa nimeichora mwenyewe kwa rula: siku sita, kila siku na kibanda chake cha kulala, kimo chake na saa zake za kutembea. Akaifuata kwa kidole hadi chini, akaanza tena juu, kisha akaniuliza, "Mwalimu, siku ya kulala bure iko wapi?"

Sikumwelewa. Akafafanua: siku ya kukaa tu, isiyo na safari. Nikamjibu kwamba likizo yangu ni fupi, na kwamba mimi na mdogo wangu tumeshapanda mlima mrefu kuliko huu. Hakubishana. Aliikunja karatasi akanirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anavyomrudishia mgeni kitu chake.

Ilikuwa mwishoni mwa Juni 2017. Safari ile haikuvuka nusu. Tulirudi Desemba 2018 tukaimaliza, na nikiziweka mbili hizo pamoja naona tofauti yake kubwa imo katika ile karatasi. Ndiyo ninayotaka kuieleza, kwa sababu vijana wengi wa kwetu siku hizi wanapanda milima, na wengi wanapanga kama nilivyopanga mimi.

Sisi ni watu wa Bukoba. Mimi nafundisha, mdogo wangu ni fundi umeme. Kutoka kwetu Ruwenzori ni karibu kuliko Moshi: unavuka mpaka wa Mutukula, unapita Masaka na Mbarara, unafika Kasese, kisha bodaboda inakupandisha kilomita ishirini na ushei hadi Nyakalengija, kijiji cha Wakonzo kilichokaa kati ya migomba, mihogo na kahawa, mto Mubuku ukivuma chini yake. Kijiji kiko kwenye mita 1,600 hivi. Kilele cha Margherita, cha tatu kwa urefu Afrika, kiko mita 5,109. Sisi hatukukitaka. Tulichotaka ni ile njia ya mduara inayoingia milimani kwa bonde la Bujuku na kutoka kwa bonde la Mubuku, unapita katikati ya vilele vya Stanley, Speke na Baker bila kupanda kimojawapo, na unarudi kijijini kulekule ulikotoka. Wengi huiona njia hiyo kama barabara ya kumpeleka mtu Margherita. Kwa macho yangu, mduara wenyewe ndio safari, na ni safari ngumu kuliko Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, ingawa haifiki hata mita 4,400.

Ugumu wake wa kwanza ni maji. Kiongozi wetu, ambaye Kiswahili chake alikiokotea kwenye biashara ya mpaka wa Kongo, Mpondwe na Beni, alisema kwa ufupi: "Kilimanjaro iko na vumbi. Hapa iko maji." Mvua hainyeshi kwa msimu tu. Kuna miezi ya nafuu, Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti, lakini nafuu maana yake ni kwamba utapata saa kadhaa za kukauka. Buti zangu zilibaki kijijini. Nikanunua gambuti, namba moja zaidi ya mguu wangu ili ziingie soksi mbili, na tangu siku ya pili hadi mwisho sikuvaa kitu kingine njiani.

Siku ya kwanza unapanda mita elfu moja, kupitia mashamba na kisha msitu, hadi kibanda cha Nyabitaba. Siku ya pili unashuka kwanza, hadi daraja lililo mahali mito ya Bujuku na Mubuku inapokutana, na hapo unaanza kupanda kwenye mianzi na mawe yenye utelezi kwa saa nyingi. Kisha mianzi inakwisha na unaingia katika miti ya mhashi iliyofunikwa kuvu la kijani mnene kama godoro, ndevu za kijivu zikining'inia kila tawi. Unafika kibanda cha John Matte umechoka, kwenye mita 3,400 na zaidi.

Siku ya tatu kwenye karatasi yangu ilikuwa siku nyepesi. Umbali ulikuwa mfupi kuliko wa siku zote mbili zilizopita. Nilikuwa sijajua kwamba umbali huo ni wa bwawa la Bigo. Kuna sehemu zenye njia ya mbao, na kuna sehemu ambazo unaruka kutoka bunda moja la nyasi hadi jingine, kila bunda kubwa kama kigoda, katikati yake matope meusi yasiyo na kipimo. Ukikosea bunda, mguu unazama hadi gotini na kuuchomoa kunataka mikono yote miwili. Gambuti inabaki ndani, mguu unatoka na soksi. Nilijifunza hapo kuinua kisigino kwanza, taratibu, matope yaingize hewa, ndipo kiatu kifuate. Haraka haisaidii kitu. Ukivuta kwa nguvu, matope nayo yanavuta.

Tulifika kibanda cha Bujuku saa kumi jioni. Ziwa lilikuwa jeusi, Mlima Speke umejifunika, na kibanda kilikuwa kinanuka moshi na sufu mbichi. Mdogo wangu alikaa kitandani akaacha chai ipoe mkononi. Huyu ndiye aliyenitangulia kufika Uhuru mwaka 2014 bila hata kuumwa kichwa. Alipoulizwa, alisema ni uchovu. Usiku alitapika mara mbili.

Asubuhi kiongozi hakumuuliza hali. Alichagua ubao mmoja mrefu wa sakafu, akamwambia atembee juu yake kisigino kikigusa ncha ya kidole, hatua kwa hatua, kama mtu anayepima kiwanja kwa nyayo. Hatua tatu alizimudu. Ya nne akayumba, akashika ukuta. Akajaribu tena, akayumba palepale. Ulikuwa ugonjwa wa mwinuko, unaompata anayepanda juu upesi kuliko mwili unavyozoea, na kuyumba ni dalili yake mbaya.

Nilikuwa na hoja zangu tayari. Kitandara, kituo kinachofuata, kiko kama mita 4,000, yaani hakizidi Bujuku kwa kitu cha maana. Nikasema tukifika huko tutakuwa tumebakiza kushuka tu. Kiongozi akachukua sufuria ya uji iliyokuwa imeshaliwa, akaiweka sakafuni mbele yangu. "Kitandara iko hapa," akasema, akaweka kidole chini kabisa ndani ya sufuria. "Kuingia, unapita hapa." Akapitisha kidole juu ya ukingo wa upande wake: ni pito la Scott Elliot, mita 4,372. "Kutoka, unapita hapa." Ukingo wa upande wangu: Freshfield, mita 4,282. "Mutu akigonjwa huko ndani, kila mulango iko juu. Tunabeba mugonjwa kupanda?"

Nilikuwa nimeisoma ramani ile miezi mitatu. Namba zote mbili zilikuwa kwenye karatasi yangu, nimeziandika kwa mkono wangu. Sikuwahi kuziweka pamoja. Nilikuwa nimehesabu siku kama mtu anayehesabu vituo vya basi, cha kwanza, cha pili, cha tatu, wakati dawa ya uhakika ya ugonjwa wa mwinuko unapozidi ni kushuka, na kuna mahali kwenye mduara huu ambapo kushuka hakupo. Maji ya Kitandara yenyewe yanashuka, lakini yanaelekea Kongo, kwenye msitu usio na kibanda wala njia ya kumpitisha mgonjwa.

Tuligeuza saa nne asubuhi. Sote, kwa sababu kiongozi alikuwa mmoja, na hifadhini hairuhusiwi mtu kutembea bila kiongozi. Mdogo wangu alivuka Bigo akishikwa kiwiko na mpagazi aliyekuwa akimwonyesha kila bunda kabla hajaliruka. Tulifika John Matte jioni. Asubuhi yake aliomba mkate na chai, akala, akaomba tena. Mita mia tano na kitu zilimponya usiku mmoja. Nilimwangalia akila nikashikwa na hofu ambayo jana yake sikuwa nayo, nikifikiri tungekuwa wapi saa ile kama kiongozi wetu angekuwa mtu wa kumridhisha mteja.

Mwaka na nusu uliofuata nilipanga upya, na safari hii nilianzia Kitandara. Nilichora duara kubwa kwenye karatasi ya manila, nikaweka Kitandara juu kabisa, nikarudi nyuma pande zote mbili hadi kijijini. Kila kibanda nilikiandikia maswali yaleyale: mtu akiugua hapa, anashukia wapi, kwa saa ngapi, anakwenda na nani, na wanaobaki wanaongozwa na nani? Kwa Nyabitaba majibu yalikuwa mepesi. Kwa John Matte, anarudi Nyabitaba. Kwa Bujuku, anarudi John Matte, saa nne au tano za bwawa, kwa hiyo lazima aondoke mapema, kwa hiyo uamuzi lazima ufanyike asubuhi. Kwa Kitandara nafasi ilibaki wazi. Niliiacha hivyo makusudi, nikaibandika ukutani ofisini, na kila nilipoitazama nilikumbuka kwamba Kitandara haiendi mtu ambaye jana yake huko Bujuku alikuwa na shaka.

Nafasi ile tupu ndiyo iliyopanga mengine yote. Ilinionyesha kwanza kwamba tatizo halikuanzia Bujuku. Wanaojua mambo ya mwinuko wanashauri kwamba ukivuka mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku. Sisi kutoka Nyabitaba hadi John Matte tulipandisha zaidi ya 700, na kesho yake zaidi ya 500 tena. Vibanda viko pale vilipo, huwezi kuvisogeza. Unachoweza ni kulala John Matte mara mbili. Kwa hiyo hiyo ndiyo ikawa siku ya kulala bure, na hatukuilala: tulipanda hadi Bigo bila mizigo, tukarudi kulala chini.

Ilinionyesha pia kwamba tunahitaji kiongozi wa pili. Hapa watu wengi hubana fedha, na ninaelewa. Sisi tulikuwa tunalipa kiwango cha raia wa Afrika Mashariki, ambacho kwa mgeni kutoka mbali kingekuwa zawadi, lakini kwa mshahara wa ualimu bado ni fedha nyingi. Hata hivyo kundi lenye kiongozi mmoja haligawanyiki. Mmoja akigeuka, wote wanageuka, na hilo linamfanya mgonjwa afiche ugonjwa wake. Mdogo wangu aliniambia baadaye kwamba kichwa kilianza kumuuma John Matte, siku nzima kabla, akanyamaza ili asiniharibie safari. Hilo liliniuma kuliko kurudi kwenyewe. Karatasi yangu ilikuwa imembana hadi akashindwa kusema kweli.

Basi tukaajiri wawili, na kabla ya kuondoka nyumbani tukakubaliana mbele ya mama yetu kwamba yeyote atakayeumwa atasema jioni ileile, na mwingine hatalalamika.

Na tukaongeza siku nyingine moja, ya nane, ambayo haikuwa na kibanda. Siku zote saba zilikuwa na jina. Hiyo ya nane ilielea, chakula chake kikiwa ndani ya mzigo na ujira wake umeshawekwa kando, ili mahali popote mlima utakapotuzuia tusianze kubishana kuhusu likizo na basi la Mbarara. Wapagazi wanakula ugali wa muhogo, obundu, na kilo za ziada si mzigo wa kuvunja mtu. Kinachovunja mtu ni kuambiwa siku ya sita kwamba chakula kimekwisha.

Vitu vingine navipita upesi. Fulana za pamba acheni nyumbani. Zikilowa hazikauki mpaka mrudi. Kila kitu kifungwe kwenye mfuko wa nailoni kabla hakijaingia kwenye begi, hata kama begi lina koti lake la mvua. Tochi ya kichwani, betri za akiba zilale nawe ndani ya begi la kulalia kwa sababu baridi inazimaliza. Na soksi. Tulikuwa na jozi za kutembelea, ambazo asubuhi unazivaa mbichi na kuvumilia, na jozi za kulalia, ambazo haziguswi mchana hata nyingine zikiwa zinachuruzika. Ukilegeza sheria hiyo siku moja tu, ukavaa kavu asubuhi kwa sababu ya baridi, jioni huna kavu, na usiku kwenye mita 3,900 na miguu mibichi ni usiku mrefu sana.

Tuliondoka Nyakalengija siku mbili baada ya Krismasi. Kiongozi alikuwa yuleyule. Alitandika turubai lilelile, akaomba karatasi, nikampa manila nzima. Aliikunjua chini akapiga magoti kuisoma, akafika juu kwenye nafasi tupu, akaigonga kwa kidole mara mbili. "Wasingya," akasema. Asante.

Bujuku tulifika siku ya nne. Jioni ile mdogo wangu alitembea juu ya ubao bila kuambiwa, kwenda na kurudi, mikono mfukoni. Kisha akaniambia nitembee na mimi. Asubuhi tukatembea tena wote wawili, ndipo tukafunga mizigo.

Njia ya kupanda Scott Elliot inapita kwenye msitu wa seneksio, mimea yenye shina nene kama nguzo na vichwa vya majani makubwa kama kabichi, majani ya zamani yakiwa yamekauka kuzunguka shina kama blanketi. Juu ya pito, ukungu ulifunguka dakika chache na tukaona barafu ya Stanley upande wa kulia. Kiongozi alisema babu yake aliijua ikiwa imeshuka chini zaidi ya pale. Wakonzo wanaiita theluji Nzururu, na kwao ni baba wa mizimu ya milima. Alipoionyesha hakutumia kidole, alitumia mkono wote ulio wazi. Tukaanza kushuka, na kila nilipopiga hatua nilijua kwamba ukingo wa sufuria unabaki nyuma yetu.

Usiku ule Kitandara mvua iligeuka theluji nyepesi na barafu ya mawe. Kulipokucha viongozi wote wawili walitoka kutazama Freshfield, wakarudi baada ya saa moja, viatu vimejaa theluji iliyolowa. Miamba ya juu ina utelezi, wakasema, na upepo unasukuma. Wakanitazama mimi. Nikawaambia tuna siku ya nane. Hapakuwa na neno jingine la kusema. Mpagazi mmoja akacheka kwa furaha, akarudi kwenye blanketi lake.

Kwa hiyo siku yetu ya kulala bure tuliitumia mahali nilipokuwa nimepaogopa mwaka na nusu. Mchana kulitulia. Kuna maziwa mawili pale, na kibanda kiko kando ya moja. Maji yake yalikuwa ya kijani kibichi, bila kiwimbi, lobelia zimesimama ukingoni kama watu waliokuja kuchota. Hakuna mtandao wa simu, hakuna barabara, hakuna sauti ila ya maji yanayokwenda Kongo. Mdogo wangu alifua vitambaa, akavianika juu ya jiwe ambalo jua lililigusa kwa nusu saa. Nilimuuliza kichwa. Akaniambia, "Kaka, kinaniuma kidogo, upande huu," akagusa kisogo. "Nimekwambia. Si tulikubaliana?" Tukakaa tukakisubiri. Alikunywa maji, akala obundu na maharage, na jioni kilikuwa kimeondoka.

Freshfield tuliivuka kesho yake kwenye jua. Upande wa pili unapita Bujongolo, chini ya mwamba uliojitokeza kama paa, ambapo msafara wa Duke wa Abruzzi, mwanamfalme kutoka Italia, uliweka kambi yake mwaka 1906, kisha unalala kibanda cha Guy Yeoman. Siku ya mwisho ni Kichuchu, ukuta wa matope na mizizi ambapo unashuka kwa mikono, uso umetazama mlima. Magoti yangu yalitetemeka hadi Nyabitaba, mahali duara linapojifunga na njia uliyopandia.

Hapo Nyabitaba tuliweka mizigo chini kunywa maji kabla ya kumalizia kijijini. Mdogo wangu alifungua begi akatoa mfuko mdogo wa nailoni uliofungwa fundo. Ndani yake kulikuwa na jozi moja ya soksi za sufu, kavu kabisa, ambayo hakuwa ameivaa hata usiku mmoja; alikuwa ameitunza kwa ajili ya mgonjwa, akasema, yeyote ambaye angekuwa. Akamwita yule mpagazi aliyemshika kiwiko kule Bigo safari ya kwanza, ambaye na safari hii alikuwa nasi, akampa. Kijana akakaa kwenye jiwe, akavua gambuti zake, akamwaga maji yaliyokuwa ndani, akafuta miguu kwa kitambaa cha kichwani, akazivaa palepale.